Namba ya sensa 61,741,120: nimekwama kwenye vigawo tasa, na hii 6174 ya mwanzoni ina maana gani?

Mwl_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu. Nafundisha hesabu sekondari hapa Dodoma mjini, na jioni nabaki na watoto wachache wa kidato cha pili wanaopenda namba, hatufati silabasi, tunachimba tu. Nikawaambia kila mtu aje na namba kubwa anayoona ina maana kwake, wakaja nazo za kila aina, wengine bei ya trekta, wengine namba ya simu ya baba, binti mmoja akaandika ubaoni 61,741,120 akasema mwalimu hii ni sisi wote. Wenzake wakaitambua hapo hapo, ndo ile ya sensa ya 2022 aliyoitangaza Rais Samia hapa hapa Uwanja wa Jamhuri tarehe 31 Oktoba mwaka ule.

Tukaamua tuivunje mpaka vigawo tasa, kwa mkono, kalkuleta hakuna. Mwanzo ilienda vizuri sana, inaishia na sufuri kwaiyo 10 inatoka inabaki 6,174,112, hio ni shufwa, ukiendelea kugawa kwa 2 unapata 3,087,056 alafu 1,543,528 alafu 771,764 alafu 385,882 alafu 192,941 ambayo ni witiri. 3 haigawi, 5 haigawi, 7 inagawa inaleta 27,563. Hapo ndo tumekwama. Tumepima hadi 37 zote zinaacha baki, watoto wameshaanza kusema mwalimu hii ni tasa tuandike tumalize, mi sitaki waandike kitu ambacho hawajakithibitisha.

Kwaiyo naomba msaada, 27,563 ni tasa au sio, na nawaonyeshaje kwamba tumefika mwisho bila kupima mpaka asubuhi? Alafu kuna lingine, mwalimu mwenzangu wa fizikia alipita akaona ubao akasema hio namba imeanza na 6174 na 6174 ni maarufu dunia nzima, akawahi kipindi chake bila kufafanua. Maarufu kwa lipi, na ina uhusiano wowote na sensa yetu?

kizota_namba

Mwalimu mmeishia mlangoni kabisa. Baada ya 37 inakuja 41, hio inaacha baki 11, inayofata ni 43 na 43 inaingia bila baki. 43 × 641 = 27,563. Kwaiyo sio tasa.

Kuhusu mwisho wa kupima, vigawo vinatembea wawili wawili. Kimoja kikiwa kikubwa kuliko kipeuo cha pili cha namba, mwenzake lazima awe mdogo kuliko hicho kipeuo, maana vyote viwili vikizidi ukivizidisha unapitiliza namba yenyewe. Kwaiyo unapima namba tasa hadi kwenye kipeuo cha pili na ukikosa hapo basi namba ni tasa, huna haja ya kwenda mbele. 166 × 166 = 27,556, ina maana kipeuo cha 27,563 ni 166 na kitu kidogo sana, mngepima hadi 163 mkakosa ndo mngekua na haki ya kuandika tasa. Waambie watoto hilo kabla ya yote, maana "nimejaribu nyingi zimekataa" haijawahi kuwa uthibitisho, na wewe umefanya vizuri kuwazuia.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye 641. Watoto watataka kuanza kuipima upya toka 3, hakuna haja. Kila namba tasa iliyo chini ya 43 mmeshaipima kwenye 27,563 ikakataa (7 ipimeni tena baada ya kuitoa mara moja, inaacha baki 4), na namba isiyogawa 27,563 haiwezi kugawa 641 kwa sababu 641 iko ndani yake. Na 43 × 43 ni 1,849 ambayo tayari imeizidi 641. Kwaiyo 641 ni tasa bila kugawa kitu kingine hata kimoja, kazi ya nyuma imelipa.

Jibu lako zima ni 61,741,120 = 64 × 5 × 7 × 43 × 641, hio 64 ni 2 kwa kipeo cha 6.

Ukishakua na hii, idadi ya vigawo vyote unaipata kwa kuchagua tu. Kila kigawo kinajengwa kwa kuamua unabeba 2 ngapi, kuanzia sufuri mpaka sita, hizo ni njia 7, alafu 5 unaibeba au unaiacha, 7 hivo hivo, 43 hivo hivo, 641 hivo hivo. 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Vigawo 112. Ukitaka kuwapanga Watanzania wote wa usiku ule wa sensa kwenye mstatili usiobakiza mtu nje una mistatili 56 ya kuchagua, na ule unaokaribia mraba kuliko yote ni mistari 6,880 yenye watu 8,974 kila mmoja. Wape watoto wautafute wenyewe kabla hujawaambia, wataumia kidogo ila wataipenda.

Mzee_Mpwapwa

Wanangu hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, hesabu nimefundisha kwa chaki na kichwa, hizi kalkuleta zimenikuta natoka. Nimefurahi kuona bado kuna mwalimu anabaki jioni na watoto.

Naongeza vipimo viwili ambavyo nadhani vijana wa sasa hawafundishwi. Cha kwanza ni cha 7, 11 na 13 kwa mpigo. 7 × 11 × 13 ni 1,001, kwaiyo unakata namba makundi ya tarakimu tatu tatu toka kulia, unajumlisha na kutoa kwa zamu. 120 toa 741 jumlisha 61, unapata hasi 560. Sasa 560 inagawanyika kwa 7 lakini kwa 11 haigawanyiki wala kwa 13 haigawanyiki, basi na namba yako ni hivyo hivyo. Hujagawa namba ya tarakimu nane, umegawa ya tarakimu tatu. Kwa sensa ya 2012 tulikua 44,928,923, fanya hivyo hivyo, 923 toa 928 jumlisha 44 ni 39. Umeshaona 13 inaingia.

Cha pili ni kipimo cha tisa, na hiki mimi nilikua nawalazimisha watoto wakifanye kila wanapojumlisha namba kubwa. Jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. Sensa ilitoa wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Tarakimu za wanaume zinaleta 15, yaani 6. Za wanawake 43, yaani 7. 6 na 7 ni 13, yaani 4. Jumla kuu 61,741,120 tarakimu zake ni 22, yaani 4. Zimekubaliana. Chukua na Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773, Bara inaleta 42 yaani 6, Zanzibar inaleta 43 yaani 7, tunarudi 4 ile ile. Kipimo hiki hakikuhakikishii kwamba jumla ni sahihi, mtu akibadilishana nafasi za tarakimu mbili hakioni, lakini kikikataa ujue kwa hakika pamekosewa mahali. Inafanya kazi kwa sababu 10 ukigawa kwa 9 inabaki 1, 100 inabaki 1, 1,000 inabaki 1, kwaiyo kila tarakimu inabaki na thamani yake popote ilipokaa.

area_c_dom

Mzee shikamoo, hicho cha 1,001 nakiweka akiba.

Mwalimu kuhusu 6174, ni kweli ni maarufu na aliyeigundua ni mwalimu mwenzenu, anaitwa D. R. Kaprekar, alikua anafundisha shule mji wa Devlali kule India, mwaka 1949. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne ila zisiwe zote zinafanana, zipange toka kubwa kwenda ndogo, zipange toka ndogo kwenda kubwa, toa, jibu ulilopata fanya tena hivo hivo. Utafika 6174 na hutozidi hatua saba. Ukifika hapo umefika, maana 7641 toa 1467 ni 6174 yenyewe.

Mfano chukua 1973, mwaka ulioamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. 9731 − 1379 = 8352. 8532 − 2358 = 6174. Hatua mbili tu. Chukua 2022 ya sensa, 2220 − 0222 = 1998, alafu 9981 − 1899 = 8082, alafu 8820 − 0288 = 8532, alafu 8532 − 2358 = 6174. Hio sufuri ya mbele usiifute, ihesabu kama tarakimu. Kila mtoto achukue mwaka wake wa kuzaliwa aone, darasa zima litakutana sehemu moja.

ihumwa_mtumishi

Wakuu mi nawasoma hapa nasisimka kwa kweli. Namba ya watu wetu inaanza na 6174, alafu zinazofata ni 112, na kizota_namba amesema vigawo vyake ni 112! Hii inawezekanaje iwe bahati tu, mi naona kuna kitu hapa, naomba wenye uelewa mnisaidie maana nimeshindwa kulala nikiiangalia.

binti_chimwaga

Kaka ihumwa_mtumishi nakujibu kwa heshima kabisa maana swali lako ni zuri na mimi nasoma hesabu UDOM nimeshaliwaza sana hili.

Tenganisha vitu viwili, sifa za namba yenyewe na sifa za maandishi yake. 6174 kule mbele ni ya maandishi. Sisi tunaandika kwa makumi kwa vile tuna vidole kumi, kompyuta inaandika idadi ile ile ya watu kwa sufuri na moja tupu, na ukiiandika hivo inaishia na sufuri sita kamili (ndo zile 2 sita za kizota_namba zinavoonekana) na 6174 huioni popote, imepotea, ingawa mtu hata mmoja hajapungua. Hata hio 112 baada ya 6174 ni hivo hivo. Lakini kwamba watu wale wanapangika kwenye mistari 43 iliyo sawa, hio haijali unaandikaje. Hata mfugaji asiyejua kuandika, anayehesabu kwa kokoto, angeipata.

Na kuhusu bahati, namba za tarakimu nne za kuanzia ziko 9,000, kwaiyo kuanza na 6174 ni kitu cha mara moja kati ya 9,000 hivi, inaonekana ni adimu. Ila fikiria ni vitu vingapi vingine vingekusisimua, ingeanza na 1961 ungesema uhuru, 1964 ungesema muungano, 3141 ungesema pai, ingesomeka sawa mbele na nyuma ungepiga picha ukatuma grupu la familia. Orodha ya vitu vya kusisimua ni ndefu mno kiasi kwamba kukosa vyote ndo ingekua ajabu. Na kumbuka hio ni idadi ya usiku mmoja wa Agosti 2022, akizaliwa mtoto mmoja tu inakua 61,741,121, na namba mbili zinazofatana hazishirikiani kigawo chochote zaidi ya 1, kwaiyo 2 inaondoka, 5 inaondoka, 7, 43, 641 zote zinaondoka kwa mpigo. Fanya kipimo cha mzee, 121 toa 741 jumlisha 61 ni hasi 559, sasa inagawanyika kwa 13. Mtoto mmoja kabadilisha kila kitu!

Mimi kilichonishika kwenye huu uzi ni 641. Hio namba ina historia yake nzito, mwalimu usikubali watoto waipite hivi hivi.

Mwaka 1640 Fermat, yule Mfaransa, alikua anaamini kwamba ukichukua 2 ukaipandisha kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kudabo, ukajumlisha 1, unapata namba tasa kila mara. Na kweli, 3 ni tasa, 5 ni tasa, 17, 257, 65,537 zote ni tasa. Inayofata ni 2 kipeo cha 32 jumlisha 1, yaani 4,294,967,297, na hapo mtu wa zamani anapimaje kwa mkono, kipeuo chake kinazidi 65,000. Ikakaa hivo miaka zaidi ya tisini. Mwaka 1732 akaja Euler akaonyesha kwamba inagawanyika, ni 641 × 6,700,417, na imani ya Fermat ikaishia hapo. Euler baadae alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hio lazima kiwe 64 zidisha kitu jumlisha 1, kwaiyo hupimi maelfu, unapima 193, 257, 449, 577, alafu 641 ni ya tano tu na inaingia. Huyo mtu aliona njia fupi kwenye pori zima.

Na uthibitisho wake unaandikika ubaoni kwa mistari minne, kidato cha pili wanaufata kabisa kama wanajua vipeo. Angalia baki tu ukigawa kwa 641.

641 = 5 × 128 + 1, kwaiyo 5 × 2⁷ inabaki −1 (yaani imepungukiwa 1 tu kufika 641).

Pandisha kipeo cha 4 pande zote, 5⁴ × 2²⁸ inabaki 1.

Lakini pia 641 = 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, kwaiyo 5⁴ inabaki −2⁴.

Weka hio mahali pa 5⁴, unapata −2³² inabaki 1, kwaiyo 2³² + 1 inagawanyika kwa 641 bila baki.

Hujagawa tarakimu kumi popote. Mimi mara ya kwanza kuuona huu uthibitisho nilienda kumwonyesha kila mtu hosteli.

kondoa_mjini

Dada umemaliza. Naongeza kidogo kwenye vigawo. Ukivijumlisha vyote 112 huhitaji kuviandika, unazidisha mabano, jumla ya 1 mpaka 64 kwa kudabo ni 127, alafu 6 (yaani 1 na 5), alafu 8, alafu 44, alafu 642, inakuja 172,199,808. Ukitoa namba yenyewe inabaki 110,458,688, vigawo vyake vidogo vimeizidi yenyewe karibu mara mbili.

Sasa kuna namba zinaitwa kamilifu, ambazo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinarudi kuwa namba yenyewe kamili, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, alafu 28, alafu 496, alafu 8,128, wazee wa Ugiriki ya zamani walizijua hizo nne. Ya tano ni 33,550,336. Angalieni sensa zetu, 1988 tulikua milioni 23 na ushee, 2002 milioni 34 na ushee. Ina maana mahali fulani katikati ya miaka hio nchi yetu ilipita kwenye namba kamilifu ya tano na hakuna aliyejua. Ya sita ni 8,589,869,056, hio hata dunia nzima bado haijafika, dunia ilitimiza bilioni 8 Novemba 2022, wiki mbili tu baada ya matokeo yetu kutangazwa Jamhuri.

Mwl_Nkuhungu

Wakuu sijui niwashukuruje. Mzee wa Mpwapwa shikamoo sana. Nimewapa watoto 43 na 641 wakazidisha wenyewe wakarudi hadi 61,741,120, alafu tumefanya mstari kwa mstari uthibitisho wa binti_chimwaga, wawili wameuelewa kabisa na wengine wameubeba nyumbani.

Sasa yule binti aliyeleta namba ameuliza jipya. Anasema ameona kwenye maandishi ya mzee kwamba wanaume ni 30,053,130 na wanawake 31,687,990, je tunaweza kugawa nchi makundi yaliyo sawa kabisa, kila kundi lina wanaume idadi ile ile na wanawake idadi ile ile, asibaki mtu? Na makundi mengi kuliko yote ni mangapi? Nimemwambia hio ni KKS (kigawo kikubwa cha shirika) tu, lakini KKS ya namba za tarakimu nane kwa kuvunja vigawo tasa tutakesha, maana za kwake hazivunjiki kirahisi kama ile ya jumla.

kizota_namba

Huyo binti mlinde. Usivunje vigawo, tumia njia ya Euclid, ina zaidi ya miaka elfu mbili na haijachoka. Kinachogawa namba zote mbili lazima kigawe na tofauti yao, kwaiyo unabadilisha kubwa kwa baki mpaka ifike sufuri.

31,687,990 toa 30,053,130 inabaki 1,634,860. Hio ingiza kwenye 30,053,130, inaingia mara 18 inabaki 625,650. Hio kwenye 1,634,860 mara 2, inabaki 383,560. Endelea hivo hivo, 242,090, alafu 141,470, alafu 100,620, alafu 40,850, alafu 18,920, alafu 3,010, alafu 860, alafu 430, na 430 inaingia kwenye 860 mara mbili kamili. Umefika. KKS ni 430.

Kwaiyo makundi 430, kila moja lina wanaume 69,891 na wanawake 73,693. Zidisha uhakikishe.

Na tazama, 430 ni 2 × 5 × 43. Ile 43 iliyowatesa kwenye 27,563 imo kwa wanaume na imo kwa wanawake pia. Sikuitegemea kabisa, kwa sababu 43 kuigawa jumla hailazimishi kugawa sehemu zake, kwa mfano Bara ukigawa kwa 43 inabaki 34. Kama alivosema binti_chimwaga usitafute siri, ni mara moja kati ya 43 hivi kwamba namba moja ikubali, na ikishakubali moja pamoja na jumla basi ya pili inalazimika. Ila ni nzuri, siwezi kuficha, nimeirudia kuikagua mara mbili nikiwa kwenye daladala.

bahi_road

Mmesahau Dodoma jamani. Mkoa wetu kwenye sensa ile ile ni 3,085,625. Inaishia na 5625, na 5625 ni 9 × 625, kwaiyo mkoa mzima unagawanyika kwa 625 (kila elfu kumi inagawanyika kwa 625 ndo maana unaangalia tarakimu nne za mwisho tu). Unapata 4,937. Nimeipima kwa namba tasa zote hadi 67, maana 71 × 71 ni 5,041 imeshapita, hakuna iliyoingia. Kwaiyo Dodoma ni 5⁴ × 4,937, basi, aina mbili tu za vigawo tasa, na 5⁴ ni ile ile iliyotumika kwenye 641 = 5⁴ + 2⁴.

Mzee_Mpwapwa

Marahaba mwalimu, na marahaba kijana wa area_c. Bahi_road hiyo ya 5⁴ umenifurahisha sana, na umepima mpaka panapotakiwa, ndio hesabu.

Mwl_Nkuhungu

Dodoma naiandika ubaoni leo leo. Kwa wiki ijayo nimewapa 44,928,923 ya 2012, wameshatoa 13 kwa kipimo cha mzee, imebaki 3,456,071. Hio 7, 11 na 13 kwa mara ya pili zote zimekataa, 17 na 19 nazo zimekataa.

kizota_namba

Hio ni kazi kweli kweli mwalimu. Kipeuo chake ni 1,859 na kitu, kwaiyo wakipima peke yao wataisha muhula. Gawana, kila mtoto apewe mia yake, mmoja toka 20 hadi 100, mwingine 100 hadi 200, wa mwisho aishie 1,859, na kila mtu aandike baki aliyopata kwenye kila namba tasa ili mwenzake aweze kukagua. Orodha ya namba tasa watengeneze wenyewe kwanza kwa kufuta vigawe, usiwape ya kwenye intaneti.